Vikombe vya sake kwa udongo wa Nyanza: warsha ya kufinyanga, kutoka bondeni hadi jokoni

Kikombe cha sake, ile pombe ya mchele ya Wajapani, ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kile kiitwacho ochoko huchukua mililita 30 hadi 45, yaani vijiko viwili au vitatu vya mezani. Kaka yake, guinomi, huchukua 60 hadi 100. Hakina mkono wala kisahani, na mtu wa Pwani atakitambua mara moja: ni jamaa ya kile kikombe cha kahawa tungu. Mtu wa Nyanza itambidi ageuze fikra kidogo, maana huku pombe ya jadi hunywewa katika chungu kimoja kwa mirija mirefu, oseke, ilhali kwa Wajapani kila mtu ana kikombe chake na si adabu kujimiminia. Jirani humjazia jirani. Kikombe kidogo huisha upesi, na kikiisha mwenzako anapata nafasi ya kukukirimu.

Udogo huo unafaa sana warsha. Gramu 150 za udongo zinatosha kikombe kimoja, mwanafunzi anaweza kumaliza vitatu kwa siku, na kazi ya watu kumi inaingia katika joko moja dogo la matofali. Lakini udogo hauna mahali pa kuficha kosa. Mdomo wa sufuria ukizidi unene kwa milimita moja hakuna atakayejua. Mdomo wa guinomi ukizidi hivyo, mnywaji anahisi amewekewa ukingo wa bakuli kinywani.

Maelekezo haya ni ya watu 10, kila mmoja vikombe vitatu: viwili vya kufinya kwa vidole na kimoja cha kuchimbua. Hakuna gurudumu. Jumamosi ya kwanza ni ya kufinyanga, Jumapili ni ya kutengeneza vitako, kisha vikombe vinakauka kwa siku 10 hadi 14, halafu kuchoma Jumamosi na kufungua joko Jumapili. Udongo uanze kuandaliwa wiki mbili kabla watu hawajafika.

Udongo gani

Kosa la kwanza la wageni ni kuchimba ule udongo mweusi wa uwanda wa Kano kwa sababu unanata vizuri mkononi. Kunata si kufaa. Udongo ule huvimba ukinyeshewa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Kikombe chake kitafanya vivyo hivyo juu ya rafu. Tena mara nyingi una vijiwe vyeupe vya chokaa. Kijiwe cha chokaa kikipita motoni hugeuka chokaa hai, kisha kinavuta unyevu wa hewani siku baada ya siku na kuvimba. Kikombe kilichotoka jokoni kizima kinajitoboa chenyewe wiki moja baadaye, na ndani ya tundu unaona kidoa cheupe. Kupima ni rahisi: dondoshea udongo mkavu maji ya limau au siki. Ukitoa povu, uache.

Unachotafuta ni udongo wa kijivu au wa kahawia wa kandokando ya mito na madimbwi, chini ya tabaka lenye mizizi. Njia fupi zaidi ni kununua kwa wanaoutumia kila siku. Ilesi, kwenye barabara ya Kisumu hadi Kakamega, wafinyanzi huuza vyungu na vile vikombe vya udongo vya ndani ya majiko kando ya lami, na udongo wao umeshajulikana tabia. Ukifika, salimu kwanza, kisha uliza: “Mama, udongo huu mmeuchanganya na nini?” Jibu ni muhimu kuliko bei. Ukiambiwa tayari una mchanga au unga wa vigae, usiongeze tena.

Popote uliponunua, fanya majaribio mawili. Viringisha kamba ya udongo nene kama penseli na uizungushe kidole cha shahada: ikipasukapasuka, udongo umezidi mchanga, isipopasuka hata kidogo na inanata kama gundi, umezidi mafuta, yaani utasinyaa mno. Nyufa ndogo mbili tatu ndizo nzuri. Halafu tengeneza ubao mdogo wa sentimita 14 kwa 4, unene wa sentimita 1, na uchore juu yake mstari wa sentimita 10 kamili. Ukikauka upime tena, na ukishachomwa upime tena. Mstari ukibaki sentimita 9, udongo wako unasinyaa kwa asilimia 10.

Hapo watu wengi hukosea hesabu. Kusinyaa kwa asilimia 10 ni kwa urefu. Ujazo unapungua kila upande kwa pamoja, yaani 0.9 × 0.9 × 0.9, inabaki asilimia 73 hivi. Ukitaka guinomi ya mililita 60 hadi ukingoni, kikombe kibichi lazima kichukue mililita 82. Asiyejua hili hutengeneza guinomi na kutoa ochoko.

Kuusafisha na kuuchanganya

Warsha ya watu 10 inataka kilo 10 za udongo ulio tayari. Kwa hiyo anza na kilo 10 za udongo mkavu kutoka shimoni, kama gorogoro nne na ushee, maana sehemu yake itatoka kama mawe, mizizi na mchanga mkubwa.

Anika udongo hadi ukauke kabisa, uponde vipande vya ukubwa wa njugu, kisha uumwagie maji mengi ndani ya debe. Usiloweke udongo wenye unyevunyevu. Bonge kavu huvuta maji kwa nguvu na kujibomoa lenyewe kwa saa chache. Bonge lililo nusu bichi hukaa kama jiwe wiki nzima. Acha siku mbili, koroga kwa mkono, upitishe kwenye kipande cha chandarua kikuukuu, halafu kwenye chekecheo la chai. Chekecheo linachosha lakini ndilo linaloondoa vile vijiwe vitakavyokuudhi utakapofika kwenye mdomo wa kikombe.

Acha rojo litulie usiku kucha, mwaga maji ya juu, na rojo ulimimine kwenye shuka kuukuu lililotandikwa juu ya matofali makavu. Matofali yanafyonza maji kutoka chini. Kwa jua la Kisumu, mchana mmoja au miwili unatosha. Ukiona kingo zinaanza kubanduka, kunja shuka na ukande.

Sasa unga wa vigae. Chukua vyungu vilivyovunjika, visivyo na rangi ya dukani, uviponde na kuvichekecha kwa chandarua laini ili usibaki na chembe ya kuzidi milimita 1. Kwa kila kilo 7 za udongo mkavu tia kilo 1 hadi 1.2. Unga huu haukisaidii kikombe kinapofinyangwa. Unakisaidia kinapokauka na kinapoingia motoni, kwa kuwa chembe zilizokwisha kuchomwa hazisinyai tena na huacha vijia vya mvuke kupita. Ukizidisha hadi robo, mdomo utakwaruza kama msasa.

Kanda kama unga wa chapati, lakini kwa kusukuma chini, si kwa kukunja, ili usifungie hewa ndani. Kata bonge katikati kwa waya mwembamba. Ukiona vitundu, endelea. Funga kwenye nailoni na ukiacha wiki nzima ni bora zaidi.

Onyo moja: vumbi la udongo na la vigae lina silika, yaani madini yaliyo kwenye mchanga, na silika haitoki kwenye mapafu ikishaingia. Ponda nje, ukipeana mgongo na upepo, funika pua, na sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiliwa.

Kufinya kwa vidole

Pima mabonge 20 ya gramu 150. Mizani ya jikoni inatosha. Kuacha kila mtu akisie kwa jicho ni kukubali vikombe vya unene tofauti, ambavyo vitakauka kwa mwendo tofauti.

Bonge likae kwenye kiganja cha kushoto. Bonyeza dole gumba la kulia katikati, lishuke hadi uhisi limebaki unene wa kidole kidogo kutoka kiganjani, kama sentimita 1. Usipunguze hapo, unene huo ndio utakaochongwa kitako kesho. Kisha finya kwa dole gumba ndani na vidole viwili nje, ukizungusha bonge kidogo baada ya kila mfinyo, ukianzia chini kwenda juu. Sehemu ya juu iachwe nene hadi mwisho. Wanaoanza hukimbilia mdomo kwanza kwa sababu ndio unaoonekana, na mdomo uliofinywa mapema hupanuka kama sahani, hukauka na kupasuka kabla chini hakujaisha.

Vipimo vya kibichi: upana wa mdomo sentimita 6.5, kimo sentimita 5, ukuta milimita 4 hadi 5, mdomo milimita 3. Vikishachomwa vitashuka hadi upana wa sentimita 5.8 na kimo cha sentimita 4.5, na uzito wa gramu 70 hadi 90. Kama ukuta unalegea na kukaa, weka kikombe kando dakika 15 ushike kingine. Usiongeze maji. Maji ndiyo dawa ya kwanza anayoikimbilia mwanafunzi akiona ufa, na ndiyo yanayolegeza ukuta; ufa mdogo wa ukingoni uzibwe kwa kuusugua kwa kidole kilichoguswa tu na kitambaa chenye unyevu.

Ndani kusawazishwe kwa kipande cha kibuyu kilichokatwa mviringo na kusuguliwa kwa msasa. Wajapani huangalia sana tumbo la ndani la kikombe, mahali pombe inapokaa: pasiwe na kona kati ya ukuta na sakafu. Pitisha kidole, kikikwama popote, hapo ndipo uchafu utakapokwama pia.

Mdomo ni kazi ya mwisho. Kunja kipande cha ngozi laini au nailoni nene, ukilowanishe, ukishike kama koleo juu ya ukingo huku kikombe kikizungushwa. Umbo zuri ni lile lenye mteremko mdogo kwa ndani na mviringo kwa nje. Ukingo mkali kama kisu hukatika vipande kwa mgongano wa kwanza na tokkuri, ile chupa ya kumiminia.

Kuchimbua: kurinuki

Njia hii ya Kijapani inafaa mno kwa watu wanaosema mikono yao haina ufundi. Badala ya kujenga ukuta, unaanza na bonge zima na kutoa kisichotakiwa, kama anayechonga mwiko. Kikombe hutoka na pande zilizokatwakatwa kama jiwe la Kit-Mikayi, na hakuna viwili vinavyofanana.

1. Chukua bonge la gramu 550. Lipige juu ya meza pande zote hadi liwe kama tofali dogo la sentimita 7 kwa 7 kwa 6 hivi.
2. Kata pande za nje kwa waya, pande tano au saba, kwa mkato mmoja kila upande. Usirudie mkato, ukirudia unapoteza ule uso uliochanika ambao ndio uzuri wenyewe.
3. Acha nusu saa hadi saa moja kivulini. Udongo ukiwa laini mno, kichimbuzi kitauburuta. Ukikauka mno utabanduka vipande.
4. Chimbua ndani kwa kichimbuzi cha kitanzi. Kizuri hutengenezwa kwa ule mkanda mwembamba wa chuma unaofungia mizigo, uliokunjwa na kufungwa kwenye kijiti, au kwa spoku ya baiskeli iliyopondwa bapa. Anza katikati, shuka, kisha tanua.
5. Simama ukuta ukifika milimita 6. Pima kwa kuchoma sindano yenye alama kutoka nje, halafu ziba tundu.

Nusu ya udongo hurudi bila hasara yoyote. Kinachoharibika mara nyingi ni kona: nje kuna pembe, ndani ni mviringo, kwa hiyo pembeni kunabaki nene na katikati ya upande kunakuwa kwembamba. Fuata pembe kwa ndani pia, angalau nusu yake.

Kitako

Siku ya pili, ukigusa kikombe kisiache alama kidoleni lakini ukucha bado ukiingia, kigeuze kifudifudi. Chora duara la sentimita 3.2 na lingine ndani yake la sentimita 2.2. Toa udongo wa nje ya duara kubwa hadi ukutane na mteremko wa ukuta, na wa ndani ya duara dogo kwa kina cha milimita 3 hadi 4. Inabaki pete. Wajapani huiita kodai, na mwenye kujua akinunua kikombe hukigeuza na kuitazama pete hiyo kabla ya kutazama mbele. Kazi yake pia ipo: inainua kikombe kutoka mezani ili joto la sake iliyopashwa, nyuzi 40 hadi 50, lisiishie kwenye ubao, na inampa mnywaji mahali pa kushika kwa kidole cha chini.

Kabla ya kuchimba ndani ya pete, gonga katikati kwa kucha. Mlio mzito maana yake bado kuna udongo; mlio mwepesi kama wa ngoma ndogo maana yake acha mara moja.

Nakshi ifanyike wakati huu huu. Wafinyanzi wa Nyanza hubiringisha kamba ya nyasi iliyosukwa kwenye bega la chungu ili iache alama. Inapendeza kujua kwamba ufinyanzi wa kale kabisa wa Japani huitwa Jomon, maana yake nakshi ya kamba, kwa sababu hiyohiyo. Suka mkonge au nyasi, nene kama kibiriti, ubiringishe mara moja chini ya mdomo. Uanzie sentimita 1 chini ya ukingo. Alama zikifika mdomoni zitakwaruza midomo ya watu.

Mng'aro wa magadi

Swali linaloulizwa kila mara ni lini glezi itapakwa, ile ngozi ya kioo. Kwa joko la kuni na udongo huu, haitapakwa. Glezi za majivu za Kijapani huyeyuka kuanzia nyuzi 1,220 na zaidi. Udongo mwekundu wa kawaida huanza kulegea au kuvimba mapovu kabla ya hapo. Na zile glezi zinazoyeyuka kwa moto mdogo, za kienyeji, mara nyingi ziliyeyushwa kwa madini ya risasi. Mtu akikuletea unga wa betri za gari au risasi ya kulehemu eti ing'arishe, mfukuze. Risasi huingia kwenye kinywaji na haionekani.

Badala yake tumia udongo mwembamba uliochujwa. Chukua gramu 400 za udongo mwekundu mkavu, ule wa milimani Vihiga au Kakamega unatoa rangi nzuri, na lita 1 ya maji ya mvua. Yeyusha robo kijiko cha chai cha magadi ya sokoni kwenye maji ya moto, changanya, tikisa kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, uache saa 20 bila kuigusa. Magadi hufanya chembe zisukumane badala ya kushikana, kwa hiyo nzito zinazama na laini zinaelea. Utaona matabaka matatu. Maji ya juu mwaga. Tabaka la kati lifyonzwe kwa mrija liwekwe kando. Tope la chini tupa. Kama hakuna matabaka na yote yameganda kama mtindi, umezidisha magadi.

Tabaka la kati liwe jepesi kama maziwa. Paka kwa brashi laini kwenye kikombe kikavu kabisa, mikono mitatu myembamba, ndani na nje, kasoro chini ya pete. Mara unyevu unapozama na mng'aro wa maji kutoweka, sugua kwa mfuko laini wa nailoni uliovikwa kidoleni. Kinang'aa papo hapo. Rangi ikibanduka kama magamba baada ya kuchomwa, uliipaka nene. Na mng'aro huo hufifia moto ukipita nyuzi 1,000, ndiyo maana tunalenga 900 hadi 950.

Kukausha: kivulini, vimefunikwa nailoni siku tatu za kwanza, kisha wazi. Vigeuzwe mdomo chini siku ya pili, maana mdomo hukauka kabla ya kitako na tofauti hiyo ndiyo inayopasua sakafu kwa ufa wa umbo la S. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, ongeza siku tano. Mwisho weka kikombe shavuni: kikiwa baridi, maji bado yamo.

Joko na moto

Matofali 120 ya kuchoma, ya sentimita 22 kwa 11 kwa 7, na tope la kuyaunganisha. Mistari mitatu ya chini ni chumba cha moto, upana wa ndani sentimita 40, na ukuta mmoja wa matofali unaokigawanya katikati kuwa vijia viwili, kila kimoja na mlango wake mbele. Juu yake panga matofali ya wavu yakitoka ukutani hadi ukuta wa kati, yakiachana sentimita 3. Chumba cha vyombo kianze hapo, upana wa ndani sentimita 45, mistari sita kwenda juu. Acha tundu la kuchungulia ubavuni, lenye tofali la kulizibia. Nondo usitumie kwa wavu. Chuma hulegea na kudondosha kazi ya watu wote. Mabati nayo yakae mbali: yamepakwa zinki, na moshi wake yakipata moto huleta homa na kifua.

Vikombe vipangwe mdomo chini, vikigusana bila kubanana, na juu vifunikwe vigae vipana vyenye nafasi za moshi. Ukitaka michirizi mekundu kama ya vyombo vya Bizen, kule Okayama, funga kikombe kisichopakwa mng'aro kwa mabua ya mpunga kutoka Ahero yaliyolowekwa kwenye maji ya chumvi na kukaushwa, ukitie ndani ya chungu kikuukuu chenye kifuniko. Kule Bizen potasiamu ya mabua hukutana na chuma kilicho kwenye udongo kwa moto mkubwa. Hapa chumvi inasaidia kwa moto mdogo, na alama hutoka hafifu zaidi. Usisimame kwenye moshi wake.

Saa mbili na nusu za kwanza moto uwe mdogo, mlangoni tu, si chini ya vyombo. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, Nakuru mapema zaidi. Maji yaliyofichika ndani ya ukuta yakichemka ghafla, kikombe hulipuka na kuvunja majirani zake. Shika kioo kidogo juu ya kigae cha juu kwa sekunde chache: kikipata ukungu, subiri. Kisipopata, sukuma makaa ndani.

Sasa ongeza kuni polepole kwa saa mbili na nusu nyingine. Mkaratusi uliokauka na kupasuliwa mwembamba kama mpini wa jembe unafaa kuliko magogo. Vyombo vitakuwa vyeusi kwa masizi, ni sawa. Kati ya nyuzi 500 na 600 maji yaliyofungwa kwenye udongo wenyewe hutoka, na kwenye 573 chembe za mchanga hutanuka mara moja, kwa hiyo usirukie moto mkubwa hapa. Ukiona masizi yameungua na vikombe vimekuwa safi tena, umeshapita 600, na udongo hautarudi kuwa tope kamwe.

Saa mbili za mwisho ni moto kamili, kuni nyembamba kidogokidogo kila baada ya dakika tatu nne, vijia vyote viwili kwa zamu. Ukijaza mlango mara moja, moshi mweusi utatoka juu na joto litashuka badala ya kupanda. Angalia rangi kwenye tundu, ukijifunika kichwa kwa kitambaa cha pamba kuzuia mwanga wa mchana: nyekundu iliyoiva ni 800 hivi, na ikianza kuelekea rangi ya chungwa umefika 900. Ngoja hapo nusu saa. Halafu ziba milango kwa matofali na tope, uende ukalale. Anayefungua jioni ile ile kwa hamu atasikia vikombe vikilia ting, ting, kila mlio ni ufa. Fungua kesho, kiganja kikiweza kukaa juu ya tofali la nje bila kuungua.

Wakati wote huo debe la maji liwe karibu, na nguo ziwe za pamba.

Kuziba vinyweleo

Udongo uliochomwa kwa nyuzi 900 hunywa maji. Pima: kikombe kikavu kwenye mizani, kichemshwe saa mbili, kifutwe, kipimwe tena. Kikiongezeka kwa asilimia 10 hadi 15, ni kawaida, na sake itapita taratibu hadi mezani. Wajapani hukabiliana na jambo hili kwa maji ya mchele. Hata chungu chao cha jikoni, donabe, huanzishwa kwa kupikiwa uji wa wali. Koroga vijiko viwili vya mezani vya unga wa mchele kwenye lita 1 ya maji, tia vikombe maji yakiwa baridi, pasha polepole, yachemke kidogo kwa dakika 45, na viache humo hadi vipoe. Wanga unaingia kwenye vinyweleo na kuganda. Suuza, anika siku mbili. Nta ya nyuki ipakwe nje tu ukipenda. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na ndani ingeelea kwenye kinywaji cha moto. Vanishi na rangi za dukani zisikaribie mahali midomo inapogusa.

Mwenye nafasi kwenye joko la umeme au gesi linalofika nyuzi 1,250 anaweza kujaribu glezi ya Karatsu, mji wa wafinyanzi huko Japani, kwa udongo unaostahimili moto huo, sio huu wa warsha: sehemu sawa za feldispa (unga wa jiwe linaloyeyuka motoni), majivu ya kuni na majivu ya makapi ya mpunga. Makapi ya mpunga wa Ahero, yakiungua hadi kuwa majivu ya kijivu, karibu yote ni silika, ndiyo inayoipa glezi ule weupe wa maziwa. Saga majivu yakiwa ndani ya maji, vaa glavu kwa sababu yanachoma ngozi, na kila kipande cha majaribio kikae kwenye kisahani cha udongo. Glezi ya majivu hupenda kutiririka na kuganda kwenye rafu za joko la mwenyewe.

Kikombe kilichozibwa kioshwe kwa maji ya vuguvugu bila sabuni ya manukato, kwa kuwa udongo hushika harufu, na kikaushwe juani kisije kikaota ukungu. Kabla ya kukikabidhi kwa mtu, kijaze maji, kiweke juu ya karatasi ya gazeti, uondoke saa moja. Karatasi ikibaki kavu, kiko tayari. Ikiwa na duara la unyevu, kirudishe kwenye maji ya mchele mara ya pili. Ikilowana tena baada ya hapo, kikombe hicho hakikuiva vizuri. Kiwekee chumvi mezani au vijiti vya meno.